Ndege Kubwa za Mfano za Kivita: Zinavyoundwa na Zinavyofufuliwa

Ndege kubwa ya mfano ya kivita ni nakala ya ndege halisi iliyowahi kupigana vitani, iliyopunguzwa kwa kipimo kilekile kila upande, ikafungwa injini yake yenyewe, na kurushwa na mtu aliyesimama ardhini akiwa na rimoti mkononi. Haimo katika kundi la vitu vya kuchezea watoto. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili hufika mita mbili na nusu, wakati mwingine tatu. Nyingi huwa na uzito wa kati ya kilo 10 na 25, na zikiwa angani hukimbia kilomita 100 kwa saa na zaidi. Chama cha Marekani kiitwacho IMAA, ambacho vipimo vyake vimefuatwa na wengi, kinaihesabu ndege kuwa kubwa iwapo upana wa mabawa yake haupungui inchi 80, yaani mita 2.03. Ndege yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, huingia katika kundi hilo kwa inchi 60. Hukubalika pia nakala yoyote iliyo robo ya ndege halisi au zaidi, hata kama ndege yenyewe ilikuwa ndogo.

Ufundi huu umeshamiri zaidi Marekani, Ulaya na Afrika Kusini. Huko mafundi hupenda Spitfire ya Waingereza, Mustang na Thunderbolt za Wamarekani, Messerschmitt ya Wajerumani na Zero ya Wajapani. Shindano la Top Gun la Florida, lililoanzishwa na Frank Tiano mwaka 1989, hupima pande mbili za kazi: majaji huikagua ndege ikiwa chini, wakilinganisha umbo, rangi na alama na picha za ndege halisi, kisha huitazama ikiruka. Mshindi ni yule ambaye ndege yake huonekana ya kweli katika hali zote mbili.

Msomaji wa Mpanda, Karema au Inyonga, hata hivyo, hana haja ya kukopa historia ya mbali ili apate ndege ya kuiunda upya. Vita vya angani vilifika mapema sana katika nchi hii, na vilifika hadi Ziwa Tanganyika, ambalo ufuko wake wa Karema na Ikola umo katika Mkoa wa Katavi.

Ndege zilizopigana huku

Mwishoni mwa mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika matawi ya Mto Rufiji. Waingereza walishindwa kuiona kutoka baharini kwa sababu ya mikoko, wakaamua kuitafuta kutoka juu. Waliikodi kwanza ndege ya majini aina ya Curtiss pamoja na rubani wake, raia aliyeitwa Cutler. Mapema mwaka 1915 zikaletwa Sopwith mbili, nazo zikaaibika: joto na unyevunyevu wa pwani viliharibu viungo vya mbao na gundi, zikashindwa kazi iliyokusudiwa. Zilifuata ndege za Short zilizofanikiwa kupiga picha za manowari hiyo, kisha Caudron na Henri Farman zilizoruka kutoka kiwanja cha Kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold walizunguka juu ya Rufiji wakiwaelekeza wapiga mizinga wa manowari za Kiingereza Severn na Mersey mahali makombora yalipoangukia. Ndege yao ilipigwa, ikaangukia mtoni, lakini wote wawili walipona na Königsberg ikaangamia siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata vita vya angani vilihamia ziwani. Jeshi la Wabelgiji lilipewa na Waingereza ndege nne za majini aina ya Short 827, ambazo zilisafirishwa vipandevipande hadi ufuko wa Kongo na kuunganishwa huko. Mwezi Juni 1916 zilivuka ziwa na kuidondoshea Kigoma mabomu, zikiilenga meli Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe tarehe 26 Julai 1916 ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakairudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ndiyo meli ambayo kwa miongo mingi wakazi wa Karema na Ikola wameipanda kwenda Kigoma au Kasanga, na wachache wanajua kwamba iliwahi kuwindwa kutoka angani.

Nchi kavu, Kikosi cha 26 cha Jeshi la Anga la Waingereza, chenye watu wengi kutoka Afrika Kusini, kilitumia ndege za B.E.2c kumsaidia kamanda wao, Jenerali Smuts, alipowasukuma Wajerumani kutoka eneo la Kilimanjaro kuelekea Reli ya Kati. Vita Kuu ya Pili nayo ina uzi wake wa hapa: mwandishi Roald Dahl alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell jijini Dar es Salaam, akaenda Nairobi mwaka 1939 kujiunga na jeshi la anga, akajifunza kuruka kwa Tiger Moth, na mwaka 1941 akapigana Ugiriki akiwa ndani ya Hurricane. Miaka ya 1950 Waingereza walitumia ndege za Harvard kudondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya dhidi ya Mau Mau. Harvard ni ndege inayopendwa sana na waundaji wa mifano kwa sababu inaruka vizuri. Anayeiunda Afrika Mashariki na kuipaka rangi za miaka hiyo anapaswa kujua walioona kivuli chake walikuwa akina nani.

Hesabu ya kupunguza

Ndege ikipunguzwa mara tano kwa urefu, eneo la bawa lake hupungua mara 25, na ujazo wake hupungua mara 125. Hesabu hii fupi ndiyo inayotawala ufundi wote. Hurricane halisi ina upana wa mabawa wa mita 12.19, uzito wa takriban kilo 3,000 ikiwa tayari kwa safari, na bawa lenye eneo la mita za mraba 24. Nakala yake ya moja ya tano ina upana wa mita 2.44 na bawa lisilofika mita moja ya mraba. Kama uzito ungefuata ujazo, nakala hiyo ingekuwa na kilo 24. Fundi mzuri huimaliza kwa kilo 13 hadi 16. Kila mita ya mraba ya bawa la Hurricane halisi hubeba kilo 125, ilhali ya nakala hubeba kilo 15 hivi.

Hapo ndipo faida ya ukubwa inapoonekana. Ndege ndogo ya mfano hurushwarushwa na upepo, na macho huitambua mara moja kuwa ni kitu kidogo. Kubwa ina uzito wa kutosha kutulia hewani na eneo la bawa la kutosha kuubeba uzito huo. Kasi nayo hukubaliana na macho: Hurricane ya awali ilifika takriban kilomita 500 kwa saa, igawe kwa tano upate 100, kasi ambayo nakala huimudu bila shida. Kwa hiyo ikipita mbele ya watazamaji huonekana kama ndege halisi iliyo mbali kidogo.

Ubaya wa hesabu hiyo ni kwamba haina huruma kwa fundi mzembe. Kila gramu ya ziada inabebwa na bawa lililopungua kwa kasi kuliko urefu. Ndege iliyonona kwa kilo tatu bado itaruka, lakini itahitaji mwendo mkubwa zaidi ili isianguke, na itatua kwa kishindo.

Mbao, mbavu na gundi

Kazi huanza na mchoro wa ukubwa uleule wa ndege itakayoundwa. Michoro ya Nick Ziroli wa Marekani, kwa mfano, imetumika kuunda Thunderbolt na Corsair nyingi duniani. Mchoro hutandazwa juu ya meza iliyonyooka kabisa, hufunikwa kwa nailoni ili gundi isiunase, na sehemu hujengwa juu yake. Meza iliyopinda milimita tano huzaa bawa lililopinda, na bawa lililopinda halinyooki kwa maombi.

Bawa lina boriti kuu inayokwenda kutoka shina hadi ncha, kwa kawaida mbao mbili nyembamba ngumu, moja juu na moja chini, zikiunganishwa katikati kwa vipande vya plaiwudi. Juu ya boriti hupangwa mbavu zilizokatwa kwa kufuata kiolezo kimoja, kila moja ikipungua kidogo kuelekea ncha. Halafu hufunikwa kwa ubao mwembamba wa milimita mbili hadi tatu. Mafundi wenye uzoefu huisokota ncha ya bawa kidogo, nyuzi mbili hivi, ukingo wa mbele ukiinamia chini kuliko ulivyo kwenye shina. Ndege ikipungukiwa mwendo, shina la bawa ndilo litakaloacha kubeba kwanza, na ncha zitaendelea kushika hewa. Bila msokoto huo, ndege nyingi za kivita huangusha bawa moja ghafla wakati wa kutua, na hazina nafasi ya kujirekebisha.

Kiwiliwili hujengwa kwa fremu za plaiwudi nyembamba zilizopangwa kama mbavu za mashua, zikiunganishwa kwa fito ndefu, kisha kufunikwa kwa ubao au kitambaa kulingana na ndege halisi ilivyokuwa. Hurricane inafaa kujifunzia hapa, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya kiwiliwili chake halisi ilikuwa na fito za mbao zilizofunikwa kitambaa. Fundi haigizi tu sura; anarudia kazi ileile.

Mbao inayotumika zaidi duniani ni balsa, mti wa Amerika Kusini unaotoka hasa Ekuado. Mita moja ya ujazo ya balsa ina takriban kilo 160. Mninga, fahari ya miombo ya Katavi, una zaidi ya kilo 600 kwa ujazo huohuo. Seremala wa Mpanda aliyezoea kuisifu mbao kwa uzito wake inabidi ageuze kipimo chake chote: hapa mbao bora ni ile isiyojulikana kama imebebwa. Mbao ngumu ina nafasi yake, lakini ndogo, kwenye vipande vya kufungia magurudumu, kiti cha injini na boriti ya bawa. Plaiwudi za misonobari na mikaratusi za viwanda vya Mafinga zinafaa kwa fremu kama zitachaguliwa nyembamba na zisizo na nafasi tupu katikati ya tabaka. Mwanzi uliopasuliwa na kusuguliwa kwa msasa hutoa fito nyepesi na imara. Foamu nyeupe inayofungiwa televisheni na friji, ikikatwa kwa waya wa moto na kufunikwa kwa ubao mwembamba au karatasi na gundi, hutoa bawa ambalo hata mafundi wa Ulaya hulitumia.

Gundi yataka uangalifu kuliko mbao, na mkasa wa Sopwith za mwaka 1915 haujapitwa na wakati. Epoksi nyingi za kawaida huanza kulegea joto likifika nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, na gari lililofungwa vioo juani mwezi wa Oktoba hufika hapo bila taabu. Bawa lililopakwa rangi ya kijani kibichi iliyokolea, ambayo ndiyo rangi ya ndege nyingi za kivita, huchemka zaidi ya jeupe. Kwa hiyo kiungo chochote kinachobeba mzigo, hasa pale mabawa yanapoungana na pale injini inapofungwa, hakiachiwi gundi peke yake. Hutiwa pini za mbao, skrubu au boliti.

Juu ya mbao hutandikwa kitambaa chembamba cha fiberglasi, chenye uzito wa gramu 25 hivi kwa mita ya mraba, kikalowanishwa kwa resini na kusuguliwa. Baada ya hapo ndipo kazi ya uchoraji inapoanza: mistari ya mabati hutengenezwa kwa utepe mwembamba unaopakwa rangi ya msingi na kubanduliwa, na ribiti hutiwa moja moja kwa tone la gundi nyeupe kutoka kwenye bomba la sindano. Wapo wanaotia ribiti elfu kumi. Kazi hiyo haiongezi chochote katika kuruka, lakini ndiyo inayotenganisha ndege inayofanana na Hurricane na ile ambayo ni Hurricane.

Uzito wa pua

Ndege husawazishwa kwa kuinuliwa kwa vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipo karibu robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma, au nyuma yake kidogo. Ikiinamisha pua kidogo, ni salama. Ikiinamisha mkia, haitakiwi kuwashwa. Ndege yenye mkia mzito huinua pua yenyewe, hupoteza mwendo na kuanguka kabla rubani hajajua kilichotokea.

Ndege nyingi za kivita zina pua fupi na mkia mrefu, na umbali wa mkia kutoka sehemu ya usawa mara nyingi ni mara tatu ya umbali wa pua. Maana yake gramu 100 za rangi na gundi zilizozidi mkiani huhitaji gramu 300 puani ili kuzifidia. Ndiyo maana fundi mjuzi ni bahili wa mkia: husugua, hutoboa matundu ya kupunguza uzito, hupima kila kipande kwa mzani wa jikoni kabla ya kukibandika. Kinachobaki hufidiwa kwa risasi. Madini hayo si mageni Mpanda: mji huo ulikua kwa ajili ya machimbo ya risasi ya Uruwira, na reli kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuyasafirisha. Hata hivyo risasi ni dawa ya mwisho. Njia bora ni kusogeza mbele betri, tanki na sevo, yaani mota ndogo zinazovuta usukani na vibao vya mabawa, kabla ya kuongeza uzito usio na kazi.

Sevo za ndege ya kilo 15 si zile za plastiki. Meno yake huwa ya chuma, na nguvu yake hufika kilo 10 hadi 20 kwa urefu wa sentimita moja ya mkono. Kila upande wa eleveta, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, hupewa sevo yake, ili moja ikifa nyingine iokoe. Bawaba na fito za kuvutia zisiwe na mchezo wowote. Kibao cha mkiani kinachochezacheza huanza kutetemeka ndege inapopiga mbizi, na mtetemo huo hukua katika nusu sekunde hadi kung'oa mkia mzima. Mawasiliano siku hizi hupita kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, na kipokezi hupewa betri mbili zenye swichi mbili. Huwekwa pia agizo la dharura: mawasiliano yakikatika, injini ishuke hadi mwendo wa chini kabisa.

Injini na hewa ya Mpanda

Injini za ndege hizi hutumia petroli iliyochanganywa na oili, mara nyingi sehemu moja ya oili kwa 32 au 40 za petroli. Ni jamaa wa karibu wa injini ya msumeno wa mnyororo. Baadhi ya zile za mwanzo zilitolewa hasa kwenye misumeno na mashine za kufyekea majani. Fundi anayetengeneza misumeno ya wapasua mbao mjini Mpanda atazielewa kwa dakika chache: kabureta yenye kiwambo, plagi moja, na sumaku au kifaa cha umeme cha kuwashia. Ukubwa wa sentimita za ujazo 50 hadi 65 hutosha ndege ya kilo 15. Wenye pesa zaidi hununua injini zenye silinda tano zilizopangwa kwa duara, ambazo mlio wake hukaribia ule wa zamani.

Hewa ya Katavi, hata hivyo, haifanani na ile iliyotumika kuandika vitabu vya maelekezo. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana wenye joto la nyuzi 32 hewa yake inakuwa nyepesi kama ile ya mita 2,000 katika hali ya kawaida. Injini hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu, pangaboi hupata hewa kidogo ya kusukuma, na bawa huhitaji mwendo ulioongezeka kwa asilimia kumi hivi ili kuinua uzito uleule. Mapungufu haya matatu huja kwa pamoja. Ndege iliyoruka vizuri Dar es Salaam saa moja asubuhi inaweza kumaliza kiwanja chote cha Mpanda saa nane mchana bila kunyanyuka. Dawa ni kuchagua injini iliyo ngazi moja juu ya inayopendekezwa, kupunguza petroli kwenye kabureta kwa kuwa hewa imepungua, na kurusha asubuhi au jioni. Kiangazi cha Mei hadi Agosti ndicho msimu bora. Septemba na Oktoba joto ni kali, na mvua za Novemba hadi Aprili hulowesha mbao.

Kwa mazingira hayo, B.E.2c ni chaguo la busara kuliko Spitfire. Iliundwa ijitulize yenyewe hewani, hata marubani wa vita waliilaumu kwa kukataa kugeuka haraka, na hilo ambalo vitani lilikuwa kasoro ni baraka kwa mrushaji wa rimoti. Magurudumu yake hayakunjwi. Spitfire ina magurudumu membamba yaliyokaribiana, na kwenye udongo mwekundu wenye vijiwe huishia kulala kwa ubavu. Anayeishi Karema na kutaka kuunda Short 827 ana kazi kubwa zaidi: ndege hiyo ilikuwa na upana wa mita 16.43, kwa hiyo hata ikipunguzwa mara sita hubaki na mita 2.74, na hutaka ziwa tulivu.

Kufufua ndege iliyozeeka

Si kila ndege huanza na mchoro. Nyingi hupatikana zikiwa zimening'inizwa darini, zimevunjika, au zimeachwa na mtu aliyechoka. Kufufua ni nafuu kuliko kuunda, lakini ni kazi ya upelelezi, na fundi asiyependa kubomoa hatafaa.

Kwanza ndege hupimwa uzito na kugongwagongwa kwa ukucha mwili mzima. Sauti kavu ni ya mbao nzima. Sauti nzito iliyolegea ni ya gundi iliyoachia au mbao iliyolowa oili. Sehemu ya injini ndiyo huathirika zaidi. Petroli na oili hupenya plaiwudi kwa miaka, na gundi mpya haishiki juu yake kamwe. Mbao hiyo hufutwa kwa kiyeyushi, hupakwa poda ya kunyonya mafuta, huachwa, hufutwa tena. Kama bado inatoa harufu ya petroli, inakatwa na kutupwa. Wanaoipaka rangi juu ili waiuze wanauza ajali.

Katika nchi ya joto kuna maadui ambao vitabu vya Ulaya haviwataji sana. Mchwa huila mbao kutoka ndani na kuacha ngozi nzima. Nyigu hujenga udongo ndani ya matundu ya hewa na mirija ya tanki. Panya hutafuna nyaya. Kwa sababu hiyo bawa lililohifadhiwa kwa miaka hufunguliwa sehemu ndogo ya chini yake na kumulikwa ndani kwa tochi kabla ya kuaminiwa.

Boriti iliyovunjika haiunganishwi ncha kwa ncha. Hukatwa mshazari pande zote mbili, urefu wa mkato ukiwa mara nane hadi kumi ya unene wa mbao, kisha kipande kipya hubandikwa na kutiwa kibandiko cha plaiwudi kila upande. Ubavu uliovunjika hunakiliwa kutoka ule wa upande wa pili. Kila ukarabati una uzito, na gharama ya uzito wa mkiani imekwisha kuelezwa.

Umeme wote wa zamani hutolewa bila mjadala: betri, swichi, nyaya zilizogeuka nyeusi, kipokezi cha mawimbi ya megahezi. Mirija ya mafuta iliyokakamaa hubadilishwa, tanki hujazwa maji kutafuta uvujaji, mipira ya kuzuia hewa kwenye magurudumu ya kukunjwa hubadilishwa. Rangi ya zamani ni swali gumu zaidi. Ikiwa ilipakwa na fundi hodari na ingali imeshika, kuisugua yote ni hasara. Hurekebishwa palipovunjika tu, kwa kuchanganya rangi mpya hadi ilingane na ile iliyopauka. Makovu madogo hayana ubaya. Ndege halisi za vita nazo hazikung'aa kwa muda mrefu.

Siku ya kuruka

Kabla ya kuruka, mrushaji hupunguza nguvu ya rimoti kwa swichi ya majaribio na kutembea hatua 30 kutoka kwenye ndege, mwenzake akiishikilia. Usukani ukitii, hurudia injini ikiwa inazunguka, kwa kuwa mtetemo hufichua waya uliolegea. Ndege hukimbizwa kiwanjani mara kadhaa bila kunyanyuka. Pangaboi likizunguka kulia, ndege huvuta kushoto, kwa hiyo nguvu huongezwa polepole huku usukani wa kulia ukiitunza njia. Hainyanyuliwi kwa kuvutwa. Huachwa ipate mwendo hadi inyanyuke yenyewe. Kutua nako hufanywa injini ikiendelea kuvuta kidogo. Ndege nyingi zilizopotea zilianguka kwenye kona ya mwisho kabla ya kiwanja, mrushaji alipopunguza nguvu na kukunja kona kwa wakati mmoja.

Pangaboi la inchi 22 hukata mkono bila kupungua mwendo, na kilo 15 zikishuka kwa kilomita 100 kwa saa huua. Watazamaji hukaa nyuma ya mrushaji, na hakuna ndege inayopita juu yao kwa sababu yoyote. Ufundi huu pia si mahali pa kujifunzia kuruka. Njia inayoaminika ni ndege ya mafunzo yenye bawa la juu, kisha yenye bawa la chini, ndipo ya kivita.

Nchini Tanzania vyombo vinavyorushwa kwa rimoti viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na zipo kanuni za mwaka 2018 zinazohusu vyombo hivyo. Kiwanja cha ndege cha Mpanda hutumiwa na ndege za abiria, kwa hiyo eneo lililo karibu nacho halifai hata kama liko wazi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hairuhusiwi kurusha chochote bila kibali cha hifadhi, na ndege itakayoangukia Mto Katuma wakati wa kiangazi, viboko wakiwa wamesongamana kwenye madimbwi, haina mtu wa kuifuata. Anayetaka kuanza aandike barua TCAA kabla ya kuagiza injini, atafute uwanja ulio mbali na nyumba wenye urefu wa mita 150, na amtafute seremala mvumilivu anayemiliki mzani.